Mdomo wa Vidole Vitatu

Walionikosea nitawataja, ila kwa cheo, si kwa jina. Majina yao mtaa wetu mzima wa Nyakabiga unayajua. Wa kwanza ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Wa pili ni yeye tena. Wa tatu ni mvuvi mmoja wa Ruziba aliyenipa samaki mdogo kama kidole, akaapa kwa mama yake kwamba samaki yule hatakua zaidi ya pale. Mama wa watu sijui alikosa nini.

Samaki mwenyewe ni kuhe. Mtu wa Bujumbura akisikia kuhe anaona sahani, nyanya na ndizi za kukaanga pembeni. Kama wewe si wa huku, jua tu kwamba ni samaki wa ziwa letu, Tanganyika, wa njano mwenye madoa meusi ubavuni, na chakula chake ni samaki wenzake. Hakimbizi mtu. Anasimama majini ametulia kama karani anayesubiri umalize kueleza shida yako, halafu mbele yake palikuwa na kitu na sasa hapana kitu. Hata shavu halichezi.

Mimi kazi yangu ni kukata vioo: vya madirisha, vya makabati, vya picha za harusi. Shule niliishia darasa la nne, lakini rula naijua. Siku moja duka fulani lilivunjiwa kioo chake kikubwa cha mbele, nikaachiwa vipande, nikavikata, nikavibandika kwa silikoni, nikapata sanduku la urefu wa kitanda cha mtu mfupi. Nikalijaza maji ya ziwa, bidoni kwa bidoni, dumu la plastiki begani, maana maji ya bomba huyu bwana hayataki. Nikaweka mawe, chungu kilichopasuka na kapompi kadogo ka hewa. Kura, yaani umeme, ikikatika, na kura hukatika, mimi husimama pale na kikombe, nachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili apate pumzi. Nimewahi kusimama hivyo asubuhi nzima. Shemeji alipita akaniambia, "Sisi watu hatujawahi kupepewa hivyo."

Sanduku lilikaa kwenye pembe ya sebule ya dada, mahali ambapo jua halifiki. Mimi nalala chumba cha nyuma. Kwa nini mtu wa umri wangu analala chumba cha nyuma kwa dada yake? Sababu ni fupi. Nilikuwa na kiwanja mtaa wa Musaga. Vita vikaja, nikakimbilia Tanzania, nikakaa kambini miaka ambayo sitaki kuihesabu. Shemeji alibaki mjini, na karatasi za kiwanja nilimwachia yeye. Niliporudi nikakuta kiwanjani pana nyumba ya mtu, na pazia, na mbwa anayenibwekea. Nikamuuliza shemeji. Akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa kama mtu aliye msibani.

"Vita ilikula, shemeji. Vita ilikula kila kitu."

Ungemjibu nini? Wengine vita viliwala wenyewe. Mimi nilirudi na miguu yote miwili, nikaambiwa nishukuru, nikashukuru.

Basi nikawa na kuhe. Alikua. Alikua kama deni, sitaki hata kusema. Kutoka kidole akawa kiganja, kutoka kiganja akawa mkono mpaka karibu na kiwiko. Akaanza kugonga kioo kwa pua. Dada alikuwa anakaa akimtazama huku anachambua mchele.

"Nyumba kubwa vile, mutu mumoja," alisema. "Iko na kiburi. Mutafutie wenzake."

"Dada, huyu wenzake ni chakula."

"Kila mutu anasema vile mbele ya kuoa."

Msiba wa kwanza ulianza hivi. Mama jirani alikuja na bakuli la samaki wadogo kutoka kwa kaka yake mvuvi, wazima, wanang'aa, zawadi kwa sanduku letu. Mimi nilikuwa nyuma, mikono ina silikoni. Dada hakuningoja. Alifunua sanduku akawamimina, na kwa kuwa yeye ni mtu wa adabu aliwakaribisha kwa sauti: "Karibuni, karibuni sana, jisikieni nyumbani." Nilipofika sebuleni nilimkuta kuhe amesimama ametulia. Mmoja tu alikuwa amebaki, na huyo naye ulionekana mkia tu, umechomoza mdomoni mwa kuhe.

Mama jirani alikuwa bado amesimama, maana anangoja bakuli lake. Na bakuli la jirani halirudi tupu, hata mtoto anajua. Dada aliingia jikoni akatoka na sambusa zote tulizokuwa tumebakiza, akazipanga kwenye lile bakuli bila kuinua macho. Mlango ulipofungwa akanigeukia.

"Mi mwenyewe niliwaambia karibu! Na mudomo wangu! Mu nyumba yangu mugeni haliwi!"

"Dada, ile ni samaki. Haikusikia hotuba."

"Ilisikia! Iliniangalia!" Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Bon. Nakupa mara moja tu. Utafute wenzake wa kukaa naye kwa heshima. Akila mugeni mwingine, yee ndiye ataingia mu chungu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi wakwe wanakuja, na mi sina samaki."

Kutoka kwenye kiti chake shemeji akacheka. Hicho kiti nikieleze. Kina mikono ya mbao na mto mwekundu, na kilikaa katikati ya sebule kikiangalia mlango. Hakuna mwingine aliyekikalia. Ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kukuona, na ulichobeba anakiona kabla yako.

"Mbona uhangaike kutafuta?" alisema. "Muweke mu chungu sasa. Huko atakaa na vitunguu, vinaelewana."

Nilijua anachotaka. Alikuwa amepata ahadi ya televisheni pana kutoka kwa rafiki yake, na pembe pekee isiyo na jua ni ile ya kuhe.

Nikaanza kufikiri. Watu wanasema samaki anayekula wenzake hawezi kukaa na mtu. Si kweli. Ni kuchagua. Nilikwenda Ruziba nikakaa na wavuvi wanaoshona nyavu, nikawauliza: nani anaishi karibu na kuhe kule ziwani na bado anazeeka? Walicheka kwanza. Halafu wakaanza kubishana wao kwa wao, na mimi nikasikiliza.

Jambo la kwanza ni mdomo. Kila kinachoingia mdomoni mwa kuhe, kuhe anakiita chakula, hata kama jana walilala jiwe moja. Kwa hiyo usimpime mgeni kwa urefu, mpime kwa unene dhidi ya mdomo wa mwenyeji. Nilirudi nikamlisha kuhe kipande cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, karibu na kioo, na alipopanua nikaweka kwa nje rula yangu ya chuma, ile niliyoikwangua alama za vidole. Nilimpima mara tano. Vidole vitatu. Havizidi.

Jambo la pili, usimletee anayefanana naye. Ukimletea mwingine wa njano mwenye umbo lake, atamwona ni mtu aliyekuja kumchukulia mke na jiwe, watapigana mpaka mmoja aelee. Mletee mtu wa ukoo mwingine kabisa. Jambo la tatu, asigombee ghorofa. Kuhe anakaa katikati ya maji. Mtafutie mtu wa sakafuni, anayeshinda chini ya mawe na shida zake.

Jambo la nne nilipewa na mzee wa nyavu asiye na meno ya mbele, na hilo ndilo lililonishika. Alisema siku ya kuleta mgeni, kwanza mshibishe mwenyeji. Halafu toa mawe yote uyapange upya. "Usimuache akae mu nyumba yake anayoijua," alisema. "Akishaijua, kila kona ni yake. Ukigeuza mawe, na yee anakuwa mugeni. Anaanza kuuliza: hapa ni wapi? Mutu anayeuliza hapa ni wapi hana nguvu ya kuuma."

 Mimi niliporudi kutoka kambini niliuliza hapa ni wapi kwa mwaka mzima, na kweli sikumuuma mtu.

Walionifaa walikuwa ngogo. Ngogo ni samaki wa sharubu, kijivu mwenye madoa, uso kama wa mtu aliyeamshwa. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, na akiguswa anaisimamisha yote inakwama hivyo, hailali tena mpaka atake mwenyewe. Wavuvi wanamtoa kwenye wavu kwa kumfunga na kitambaa. Ukimkamata kwa mkono mtupu mwiba unaingia, na kidole kinavimba kinakuwa cha mtu mwingine. Nilichagua watatu. Nikawapima mmoja mmoja, miiba ikiwa imesimama: mmoja vidole vinne kwa upana, wawili vinne na nusu. Mdomo wa vidole vitatu ungefanya nini hapo?

Siku ya kuwaingiza nilimlisha kuhe mpaka akakataa. Nikatoa mawe yote, chungu nikakihamisha upande wa pili, nikajenga pango mahali palipokuwa uwanja. Kuhe akaanza kuzunguka polepole, anaangalia huku, anaangalia kule. Nikawaachia ngogo. Wakashuka chini moja kwa moja, wakaingia chini ya chungu, zikabaki sharubu tu.

Dada aliweka mkono mdomoni. Hakusema karibu. Safari hii alinong'ona tu, "Bismillahi."

Kuhe alimsogelea mmoja. Yule akasimamisha miiba. Kuhe akamwangalia kwa muda, kisha akageuka kama mtu aliyekumbuka ana shughuli. Siku ile, na ya pili, na wiki nzima, na ya pili yake. Walikaa. Ngogo walizoa makombo ya kuhe, kuhe akaacha kugonga kioo. Mama jirani aliitwa kuja kuona, akaletewa kiti. Dada akawa anawaambia watu sokoni kwamba nyumbani kwake hata kuhe ana adabu. Ijumaa ya wakwe ilikuwa inakaribia, na samaki wangu alikuwa hai, na mimi nilikuwa napiga mluzi nikikata vioo. Nilipaswa kujua. Mimi nikipiga mluzi kuna mtu anapanga.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kufunga kioo cha dirisha kwa mteja. Nikarudi karibu na saa sita. Nikamkuta dada sebuleni, amekaa chini, ameshika kisu, mbele yake nyanya zimekatwa, vitunguu vimekatwa, na macho yake hayakuwa mekundu kwa sababu ya vitunguu.

"Wawili hawako," alisema.

Nikapiga magoti mbele ya sanduku. Nikageuza chungu. Ngogo mmoja alikuwa amejibana kwenye ufa, sharubu zinatetemeka. Wawili hawakuwepo. Kuhe alikuwa amesimama katikati, ametulia, na uso ule ule. Ndiyo shida ya kuwa na uso kama wake: siku ambayo hukufanya kitu unafanana na siku uliyofanya.

"Nilikuambia mara moja, mudogo wangu," dada alisema. "Wakwe wanakuja kesho. Mutoe."

"Dada, ngoja."

"Sitangoja. Aliwala wageni."

"Ngoja tule kwanza. Mutu anahukumiwa mbele ya chakula?"

Hilo lilimgusa. Dada akapakua. Bugari, ndiyo ugali wetu, maharage, na mboga ya lengalenga. Shemeji akaja kutoka garaji anakofanya kazi, akavuta meza ndogo mpaka kwenye kiti chake. Akasema kwa huzuni ile ile ya mkono kifuani, "Pole, shemeji. Samaki ni samaki. Alikula. Utafanya nini?"

Mkono kifuani. Lakini ulikuwa wa kushoto.

Nikanawa, nikakaa mkekani. Dada akanawa. Shemeji hakunyoosha mkono kwenye maji.

"Niletee kijiko," alimwambia dada.

Dada akasimama na birika hewani. Nimemjua huyu mtu tangu amuoe dada yangu. Amekula bugari kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye foleni ya msaada, amekula bugari akiwa na homa amelala ubavu. Kijiko kwake ni cha chai. Aliwahi kumcheka mgeni mmoja wa ofisini mbele za watu, eti anakula bugari kwa kijiko kama anakunywa dawa.

"Kijiko ya nini?" dada aliuliza.

"Nataka tu. Apana kuuliza kila kitu."

"Shemeji," nilisema, "mkono wa kulia uko na nini?"

"Musumari. Ulinichoma kule garaji."

"Pole. Tuone."

"Mi si mutoto wa kuonyeshwa."

Dada alikwisha kumshika. Akautoa mkono mfukoni. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kinang'aa, rangi ya biringanya, na katikati tundu moja dogo. Kidole cha pili nacho kilikuwa na tundu.

Niliinuka nikaleta rula yangu ya chuma na kipande cha ndagala. Nikamwambia dada, njoo hapa. Nikakiachia kipande karibu na kioo. Kuhe akaja, akapanua. Nikaweka rula.

"Soma."

"Vidole vitatu," dada alisema.

Nikamchota ngogo aliyebaki kwa kikombe cha plastiki, na yeye kwa hasira akasimamisha miiba yote. Nikaweka rula.

Dada aliinamia rula. Halafu akasema, polepole, kama anayesoma barua, "Vidole vine."

"Na wale wawili walikuwa wanene kuliko huyu. Sasa niambie, dada. Mudomo wa vidole vitatu umekulaje kitu cha vidole vinne, na umeacha miiba wapi? Mi naona mudomo mumoja tu mu hii nyumba unaotosha."

Shemeji akaangalia ugali wake. Ulishaanza kupoa, una ngozi juu.

"Zilikuwa zinanona bure," alisema mwishowe. "Tulizichoma na wenzangu pale garaji. Chumvi tu. Mbona makelele? Samaki ni ya kula."

"Na huyu ungeniacha nimuchinje?" dada aliuliza.

"Nilisema yeye amekula? Mi nilisema samaki ni samaki."

"Ulisema *alikula*. Uliweka na mukono hapa." Dada akaweka mkono wake kifuani, akatikisa kichwa, na alimwigiza vizuri mpaka mimi nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimeiona ile sura zamani, mahali pengine, na ile sauti nikaisikia tena. Na dada naye akaisikia. Nilimwona anaisikia. Mkono ukabaki pale kifuani.

"Na kiwanja cha Musaga," akamuuliza mumewe, taratibu. "Kile nacho kililiwa na vita?"

Vita si kuhe. Vita vina mdomo ambao hauna rula, na kila mwizi wa mji huu ametupa humo mfupa wake akajifuta mikono. Shemeji alichukua kijiko, akakirudisha. Safari hii hakusema kwamba vita vilikula. Nilikuwa nimesikia hilo neno kwake kwa miaka, na siku ile, mbele ya maharage, hakulisema.

Dada alimtuma mumewe Ruziba saa ile ile, na kidole chake. Alete samaki wa wakwe, mukeke wakubwa, na alete ngogo wawili wazima, amewabeba mwenyewe. Shemeji akatoka bila kula.

Mlango ulipofungwa, dada alizunguka sebule mara moja, mikono kiunoni. Akasimama mbele ya sanduku.

"Yule muzee wa nyavu alisema nini kuhusu mawe?"

Nikamwambia tena.

"Shika upande ule," akasema.

Tulihamisha vyote. Kabati likaenda ukuta wa pili, meza ikaenda dirishani, mkeka ukageuzwa. Sanduku la kuhe peke yake lilibaki mahali pake, na mbele yake, karibu kabisa, tukaweka benchi la wageni. Kiti chenye mto mwekundu tulikipeleka nyuma ya mlango, kikiangalia ukuta. Dada alikikalia kwanza, akajaribu, akasema si kibaya.

Jioni kabla ya adhana tukasikia hatua. Mlango ukafunguka kidogo ukagonga kiti. Shemeji akaingiza kichwa, mkono mmoja una kifurushi cha mukeke, mwingine ndoo ya ngogo. Akaangalia huku. Akaangalia kule. Akatafuta kiti chake pale katikati, hakukiona. Miaka yote ya ndoa yake sijawahi kumsikia akibisha kwenye mlango ule, lakini siku ile alisimama kizingitini na kusema, kwa sauti ndogo:

"Hodi?"

Dada alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Karibu. Ingia tu, usiogope. Mu nyumba yangu mugeni haliwi."

Kuhe yuko hai. Anagusa kiwiko sasa, na ngogo watatu wako chini yake. Wakwe walikula mukeke, wakamsifu kuhe sana, wakauliza anaiva kwa muda gani. Kidole cha shemeji kilikaa siku nyingi kabla hakijarudi kuwa chake. Kiwanja bado kina yule mbwa. Ila kila nikiingia sebuleni namkuta shemeji benchini mbele ya kioo, maana televisheni haikuja, na hana kingine cha kutazama. Kura ikikatika namwachia kikombe. Anachota, anamwaga, anachota, anamwaga. Mimi nakaa kwenye mto mwekundu namhesabia.